Mwimbaji wa Kiti cha Mbele

Njombe, Jumamosi, 1955, mvua haijakata

Suruali yangu ya kanisani imekwisha, na kesho ni ubatizo wa mwanangu.

Basi lilinasa kwenye tope tulipotoka Makambako. Abiria wote tulishuka kusukuma, isipokuwa yule mwimbaji maarufu wa Dar es Salaam, aliyekaa daraja la kwanza, ubavuni mwa dereva. Nilimfuata dirishani.

“Ndugu, shuka utusaidie.”

“Ndugu yangu, kule mjini watu hunishangilia dansini usiku kucha. Asubuhi nikipanda basi naambiwa nenda nyuma, mbele ni kwa Wazungu. Kiti hiki nimekipata leo tu, kwa kuwa hakuna Mzungu safarini. Sishuki.”

Nilirudi kusukuma, tope likanifika magotini. Hasira ninayo mpaka sasa, ila si juu yake tena.