Kikombe cha Baba Imani

Alhamisi. Rasharasha tangu asubuhi, na nina hasira.

Leo tulienda hospitali kule Hurlingham kusikia majibu ya picha za ini la mume wangu. Wiki nzima nimeomba isiwe saratani. Ni saratani.

Nilimuuliza daktari amejuaje bila kukata kipande na kukipima, kama walivyomfanyia shangazi yangu kwenye titi. Akanijibu kwa upole, akidhani najua. "Mtu akiwa ameishi na hepatitis B miaka mingi hivi, mama, uvimbe ukionekana namna hii kwa picha tunakuwa na uhakika. Hatuhitaji kumkata."

Miaka mingi.

Nilimgeukia Baba Imani. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Daktari akaendelea kueleza kwamba mtu aliye katika hatari kama yake hufaa kupigwa picha ya ini mara kwa mara, uvimbe upatikane ungali mdogo. Mengine sikuyasikia.

Tulipotoka kwa daktari akakiri: alijua kabla ya harusi yetu. Alitoa damu siku ya kuchangia damu kanisani, wakampigia simu arudi, wakamwambia ana hepatitis. Akamwambia mama yake, basi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kikombe. Kila tukienda kwao Bungoma, mama mkwe humtengea kikombe cha bluu ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Nilidhani ni heshima ya kifungua mimba. Hata niliwasimulia dada zangu jinsi mume wangu anavyoenziwa kwao, mjinga mimi.

Daktari anasema hepatitis hiyo haiambukizwi kwa kikombe. Huambukizwa kwa damu, na kitandani. Kwa hiyo wao walijikinga na kikombe, mimi wakaniachia kitanda.

Kwenye ngazi alinishika mkono. "Niliogopa utaniacha, Mama Imani. Halafu nikaona niko fiti, nikanyamaza tu."

Nampenda na sitaki afe. Lakini nitamuuguzaje mtu ambaye sitaki hata kumtazama?

Jioni hii nimemtilia chai kwenye kikombe chochote tu kati ya vile tunavyotumia sote hapa nyumbani. Amekishika kwa mikono miwili, akalia. Mimi machozi hayakuja.

Kesho mimi na Imani tunaenda kupimwa. Atakuja nasi, na ni yeye atakayemweleza mtoto kwa nini anatolewa damu.