Nimekaa na Jodari Chumba cha Barafu Niamshe Mafuta ya Kahawia

Mpendwa Shangazi Tupouseini, naomba msaada na naomba usinicheke, ingawa najua utacheka. Nina miaka hamsini na moja, kilo mia moja arobaini na nane, naimba besi kanisani na kazi yangu ni kupima samaki bandarini, sasa mpwa wangu aliyeko Auckland alinipigia simu akasema, "Mjomba, wanene si wote sawa, kuna wenye mafuta ya kahawia, hayo huchoma mafuta mengine yakatoa joto, na walio nayo moyo wao una nafuu, na huamshwa na baridi," na mimi baba yangu alikufa kwa moyo akiwa na miaka hamsini na mbili, Shangazi, mwakani ni zamu yangu, basi nikajiuliza hapa kwetu kisiwani baridi nitaitoa wapi, nikaanza kuingia chumba cha barafu pale kazini bila shati, nakaa juu ya kreti katikati ya jodari nusu saa kila mchana, na vidonge vya presha nikaviacha, sasa wiki ya tatu, ili mafuta yafanye kazi yenyewe. Wenzangu huchungulia mlangoni, "Saia, wewe tukuuze kwa kilo au mzima mzima?" Alhamisi kifua kilinibana, kichwa kikazunguka, nikaanguka, wakanivuta nje watatu kwa turubai. Nimewaapisha wasimwambie mke wangu, Akanesi. Je, zimebaki siku ngapi mafuta yaamke, na Akanesi nimwambie au ninyamaze?

Saia, Nuku'alofa

Saia mwanangu, nimecheka mpaka ulipofika kifuani. Hapo nikavua miwani, nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, maana jambo lako halikuwa la kungoja gazeti.

"Leo umemeza kidonge?"

"Bado, Shangazi."

"Akanesi yupo?"

"Yupo jikoni, lakini Shangazi..."

"Mpe simu."

Aliyoyasema Akanesi hayaandikiki gazetini. Alikupakia kwenye gari la mchungaji, presha ikakutwa mia tisini na nane kwa mia na kumi na tano, ukalazwa siku mbili. Shukuru.

Sasa sikiliza. Mpwa wako hakudanganya. Mafuta hayo yapo, hukaa shingoni na juu ya mabega, na madaktari wameona wanene wengi walio nayo wana afadhali ya presha na moyo. Lakini nani alikwambia kuganda na jodari ni dawa? Baridi kali hukaza mishipa, presha ikapanda, na wewe dawa umeitupa! Ulikuwa unalikimbia kaburi la baba yako huku unajichimbia lako.

Vidonge ni kila asubuhi, mbele ya Akanesi, na hakuna kuviacha bila daktari. Mbavu za kondoo na nyama ya kopo ni Jumapili, sahani moja, na usijifanye hujui sahani ni nini. Jioni tembeeni wawili. Kifua kikibana tena, nenda hospitali, usiniandikie mimi.

Kabla hajakata simu, Akanesi aliniambia, "Shangazi, huyu nilimpenda akiwa na kilo mia na thelathini. Sijamwomba apungue. Namwomba abaki."

Basi baki, Saia.