Mguu Ulionasa Kwenye Mti Uliopinda

Catinca uko? Nusura nife leo, tena mchana kweupe.

Nilipanda mlimani na mama mkwe. Ndiyo, Saveta huyohuyo anayesema supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo.

Kule juu kuna miti ya ajabu, mashina yamepinda kama magoti. Mmoja umejikunja ukawa duara kama sikio la kikombe. Nami kwa ujinga wangu nikatia mguu humo ili nipigwe picha.

Kiatu kikanasa. Shoga, kikanasa kabisa.

Navuta, navuta, mara Saveta ananinong'oneza, "Tulia." Kugeuka, dubu! Jike, na mtoto wake nyuma, hatua kama ishirini tu.

Nikamwambia, "Mama, kimbia." Hakukimbia. Catinca, hakukimbia! Alikuja akasimama mbele yangu na kikapu chake cha uyoga, akamwambia dubu kwa sauti ileile anayosemeshea ng'ombe wake: "Nenda zako, mama mwenzangu. Una wako, nami nina wangu."

Nina wangu! Mimi huyo!

Dubu akatukodolea macho, sijui kwa muda gani. Kisha akageuka na mwanawe, wakatokomea.

Saveta akapiga magoti anifungue kamba za kiatu, akazidi kulikaza fundo. Nikafungua mwenyewe, nikachomoa mguu, tukakumbatiana tukilia kama watoto.

Nimeshuka na soksi, kanishika mkono njia nzima. Horia wangu alipouliza kiatu kiko wapi, mama yake akamjibu, "Kwani ulioa kiatu?"