Mama Mkwe Amevuta Mashine Yangu, Sasa Mke Wangu Anataka Tununue Kubwa Zaidi

Mama Naila, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo kwa sababu nimefika mahali pabaya na sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mkulima wa kahawa huku Mbozi, nina miaka hamsini na sita, mke mmoja, watoto wanne, naimba sauti ya besi kwenye kwaya ya kanisa letu, na tumbaku nimevuta tangu ujana wangu mpaka mwaka jana daktari aliponipima kifua akasema mzee acha, nami nikarudi nyumbani nikamtangazia mke wangu mbele ya watoto kwamba nimeacha, akafurahi, akachinja jogoo, akawaambia akina mama wote wa kanisani, na kweli niliacha kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda Tunduma kununua dawa ya kupulizia kahawa, nikapita kwa Yassir anayeuza simu na vitu vya umeme jirani na mpaka, akaniona ninavyowatazama madereva wa malori wakivuta sigara zao, akacheka, akanitolea vimashine viwili. Akaniambia, "Mzee, hivi havichomi, vinapasha. Unaweka majani yako makavu humu, unabonyeza, unavuta mvuke. Moshi hakuna, majivu hakuna, mama nyumbani hasikii harufu." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Kimoja kilikuwa kidogo kama kalamu nene, kingine kikubwa kama redio ya mkononi, kina kioo cha kuonyesha nyuzi za joto, nami nikachukua kidogo kwa sababu kinaingia mfuko wa ndani wa koti.

Miezi minne nimeishi kwa amani, navutia shambani, nyuma ya migomba, narudi nyumbani nanukia sabuni. Halafu ikafika Jumapili ya mavuno, tumesimama kuimba, nikakibana kitabu cha nyimbo kifuani, kumbe nimebonyeza kitufe, na katikati ya ubeti wa pili nikasikia joto kwenye ubavu, nikavumilia kwa sababu besi tulikuwa wawili tu, mpaka mzee Boazi wa mstari wa mbele akapiga kelele, "Koti la mwenzetu linawaka!" akachukua chombo cha maua cha madhabahuni akanimwagia maji yote, na maua yake. Mashine ikadondoka sakafuni mbele ya mchungaji. Akaniuliza ni nini. Mama Naila, ningesema ukweli pale pale nisingekuandikia leo, lakini nilisema ni mashine ya kufukiza majani ya mkaratusi, ya kulainisha sauti za waimbaji, na watu wakasema haleluya.

Mke wangu aliposikia hayo akaona mume wake ana akili kuliko alivyodhani. Mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, tunaye hapa nyumbani tangu mwezi uliopita kwa sababu ya kifua kinachombana, analala nyumba ya jikoni, na wewe unajua kwetu mkwe na mama mkwe ni heshima kubwa, hatupeani mkono, hatuli pamoja, tukikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Sasa Jumatatu nikiwa shambani mke wangu akakitoa kimashine kwenye koti lililoanikwa, akashindilia majani ya mkaratusi juu ya tumbaku yangu iliyobaki chini, akampelekea mama. Nilirudi saa sita mchana nikamkuta bibi wa watu amekaa mkekani, jasho linamtoka, anasema nyumba inazunguka, kisha akatapika. Mke wangu akaniambia kwa furaha, "Baba Angel, dawa yako ina nguvu! Inamtoa uchafu wote. Tumwongezee?" Nikapiga kelele hapana mpaka kuku wakakimbia.

Mama alipata nafuu jioni lakini tangu siku hiyo hasemi kitu, ananitazama tu kwa mbali, jambo ambalo zamani hakuwa akilifanya. Na mke wangu ameshika neno moja, kwamba mashine ile ni ndogo kwa mtu mzima, niende Tunduma nimletee mama ile kubwa. Nilikwenda kwa Yassir akaniambia kubwa ndiyo nzuri, haiunguzi majani. Sasa nimebaki njia panda. Je, nimnunulie mama mkwe kubwa nami nibaki na ndogo, au nichukue kubwa kwa jina lake, na yeye akirudi kwao nibaki nayo mimi, ndogo nimwachie? Naomba unichagulie. Nipigie Jumatano kwa namba hiyo hapo chini, na tafadhali jina langu lisitoke.

Ni mimi, Mwimba Besi, Mbozi.

*

Mwimba Besi, jina lako nimelificha, ila mwanaume aliyemwagiwa maua kanisani siku ya mavuno sijui utamficha wapi.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akaja kuniuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka. Mama mzima, mwenye kifua kinachombana, amevutishwa tumbaku bila kujua, ametapika mbele yako, na wewe swali lako ni mashine ipi ibaki kwako? Ulipaswa kumbeba kwenda hospitali Jumatatu ile ile na kumwambia daktari alichovuta. Ulikaa kimya ili jogoo aliyechinjwa asionekane alikufa bure.

Umeniuliza kuhusu mashine, nitakujibu, nisije nikaambiwa nimekwepa. Nilimuuliza kaka yangu Aziz, fundi wa vitu vya umeme kule Mpemba. Hiyo ndogo majani yake hugusa chuma chenye moto, ukiisahau inaunguza, kwa hiyo ulikuwa unavuta moshi uleule ukijidanganya ni mvuke. Kubwa hupasha kwa hewa ya moto, taratibu, na haijiwashi ovyo mfukoni. Kwa chombo tu, kubwa ni bora. Lakini tumbaku iliyopashwa ni tumbaku, na kifua chako hakijui Yassir alikuambia nini. Na mama yako mkwe hahitaji ndogo wala kubwa. Anahitaji daktari.

Sasa tulia nikuambie lingine. Jumatano nilipiga ile namba. Simu uliiacha kwenye chaji, ukaenda shambani. Aliyepokea ni mama mkwe wako.

Mimi sikusema neno, baba. Nilisalimia tu, nikasema nimekosea namba. Akaniambia, "Hujakosea. Wewe ni yule mama wa gazetini. Sauti yako naijua, ulikuja kusema na akina mama pale Vwawa. Amekuandikia habari za kile kidude?" Akaendelea, "Mwanangu, mimi nimenusa ugoro kabla huyo hajaota ndevu. Tumbaku niliijua pumzi ya kwanza. Tena ni nzuri, sijui anaipata wapi."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kizunguzungu na kutapika vilitoka wapi. Akasema, "Nilipoonja tumbaku ndipo nikajua kile kidude ni cha nani, na mdomo wa nani umetoka pale. Mimi na mkwe wangu hata kikombe hatujawahi kushika kimoja! Ungekuwa wewe usingetapika?"

Ndiyo maana anakutazama, Mwimba Besi. Hana hasira ya tumbaku. Anasubiri kuona kama mwanaume aliyeoa binti yake ana ulimi wa kusema mambo mengine zaidi ya nyimbo. Hajamwambia binti yake lolote, na amesema hatamwambia, kwa sababu hilo ni lako. Anachodai yeye ni kitenge na kuku jike kwa heshima iliyovunjika, avipokee kwa mkono wa mkeo, kama desturi yenu ilivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mkalishe mkeo chini, mwambie yote, kuanzia siku ya kumi na mbili, na usimtaje Yassir kama shetani aliyekupotosha maana miguu iliyokupeleka ni yako. Siku inayofuata mpeleke mama hospitali, na wewe uingie chumba hicho hicho cha daktari, useme umeshindwa kuacha peke yako, usaidiwe. Siku kumi na moja uliziweza bila msaada wa mtu, si haba. Kisha nenda kwa mchungaji, kabla hajanunua mashine za kwaya nzima.

Ila usichelewe. Gazeti hili linaanza kuuzwa Tunduma Ijumaa asubuhi, na Vwawa linafika saa nane mchana. Mama yako mkwe ameniambia binti yake hulinunua kila wiki, na ukurasa anaoanza nao ni huu.