Sitaki Ngazi Iegemee Ukuta wa Mume Wangu

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Naomba unishike mkono katika jambo hili, maana kila ninayemweleza ananihurumia kwanza halafu anacheka, na mimi sijui niijibu ile huruma au kile kicheko.

Mume wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba za watu. Alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya kifua, akaniacha na binti mmoja, ambaye sasa ameolewa na ana mimba yake ya kwanza. Nyumba yetu ni ndogo tu, ukuta wake wa mbele unatazama barabara, na ukuta huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Marehemu alikuwa na mtindo wake wa kazi. Hakupenda mteja achague rangi kwenye karatasi za dukani, alisema rangi ya kwenye karatasi ni kama bwana harusi, siku hiyo hata mbaya ni mzuri. Kwa hiyo kila kazi mpya alikuja na kopo la rangi nyumbani, akapaka kiraka cha ukubwa wa sinia kwenye ukuta wetu wa mbele, akakiacha kipigwe na jua kutwa nzima, na jioni ananiita nivuke barabara nikasimame kwenye duka la jirani, nifumbe jicho moja, niseme ninachokiona, na mimi huku nina unga mikononi nasimama pale nimefumba jicho kama chizi.

"Unaionaje?" ananipigia kelele toka ng'ambo.

"Chai iliyozidi maziwa!"

"Basi hiyo hiyo! Mwenye nyumba mwenyewe amenenepa kwa chai."

Na mwenye duka naye anadakia, "Fundi, nyumba yako mwenyewe utaipaka lini? Mbona kama shuka la viraka?" naye anajibu kila siku jibu moja, "Mganga hajigangi, bwana, nipimie sukari."

Ndivyo ukuta wetu ulivyojaa. Kuna kijani ya zahanati alikozaliwa binti yetu, kuna bluu ya shule ambayo mwalimu mkuu aliikataa dakika ya mwisho na mume wangu akanuna mpaka chakula kikapoa, na kuna njano moja iliyonasa nzi mdogo ilipokuwa mbichi, nikataka kumtoa akanizuia, akasema mwache huyo ni mpangaji wetu, na akitoka kazini wakati mwingine alimsalimia, "Hujambo mpangaji?" Nafasi ilipoisha alianza kupaka vipya juu ya vya zamani, na vitatu viko chini ya paa la baraza ambako mvua haifiki. Mimi kila kimoja nakijua, Mshauri, kama mtu anavyojua watoto wake kwenye giza.

Sasa, pamoja na viraka vyote, marehemu hakuuacha ukuta ule unywe maji. Kabla ya mvua alipanda ngazi akazoa majani kwenye mfereji wa paa, akaziba nyufa, akachimbua kile kijifereji cha chini ili maji yasisimame kwenye msingi. Alipofariki sikujua kwamba hiyo ilikuwa kazi, nilidhani ni hali tu ya nyumba kuwa kavu.

Mvua za kwanza baada ya msiba, kona ya mfereji ililegea na maji yakawa yanateremka ukutani badala ya kwenda kwenye pipa. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja na ngazi na nyundo, akasema ni kazi ndogo. Lakini ngazi ilitaka kuegemea katikati ya viraka, na nilipoona vyuma vyake vinakaribia ile bluu nikaishika miguu ya ngazi nikamwambia hapana, ngazi haigusi hapa. Akadhani natania. Akaniambia, "Shemeji, huu ukuta unaoza kama jino." Nikamwambia, "Uache uoze, ni jino langu." Akabeba ngazi yake akasema, "Sawa, lakini jino likioza, anayekesha ni mwenyewe."

Baada ya hapo nikanunua nailoni, nikaitandaza juu ya viraka na kuigongomea pembeni kwa misumari midogo, nikaona nimevikinga. Kumbe maji yalipita nyuma yake. Lipu ikavimba, ikaanza kudondoka vipande, na kila asubuhi naokota vile vipande vyenye rangi naviweka kwenye beseni, na ile njano ilianguka usiku mmoja wa mvua, sikusikia hata kishindo, nilikuta unga tu chini, na nzi sikumwona. Nililia, Mshauri, nililia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi watu walikuwa wengi.

Nyuma ya ukuta huo ndiko kiliko chumba cha binti yangu, ambacho tulipanga aje akae akijifungua, nimsaidie na mtoto. Alikuja mwezi uliopita kukitazama. Akaingia, akaweka kiganja ukutani, kikatoka na maji na ukungu mweusi. Akakinusa, akaenda kunawa.

Alivyorudi akaniuliza, "Mama, mtoto nimlaze hapa?"

Nikamwambia tutasogeza kitanda.

"Tusogeze mpaka wapi? Mwite baba mdogo, ukuta ukwanguliwe, upigwe lipu, upakwe rangi."

"Huo ukuta ndipo alipo baba yako."

"Mama, Baba alikufa kwa kifua," akasema. "Unataka na mwanangu avute hewa hii?"

Akachukua mkoba wake. Jana kanipigia simu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, akasema nisihangaike, atakwenda kujifungulia kwa mama mkwe wake, chumba chao ni kikavu. Nikamjibu vema mwanangu, nikakata simu, nikaenda kukaa mbele ya ukuta.

Mjukuu wangu wa kwanza ataogeshwa na mikono mingine, nami nimebaki nalinda rangi. Lakini nikifikiria kisu kinakwangua ile kijani, naona kama ninamzika mara ya pili na safari hii kwa kuamua mwenyewe. Nifanye nini?

Mjane wa fundi rangi

JIBU LA MSHAURI

Mama mpendwa,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilimtamani mumeo awe jirani yangu. Wanaokucheka waache, hawakuwahi kusimamishwa dukani na unga mikononi.

Baada ya pole, nikugombeze kidogo.

Ukuta unaumwa maji, wewe ukauvika nailoni. Umeukinga na jua, ambalo lingeukausha, ukaufungia maji ndani. Na mfereji uliolegea, kazi ya misumari michache, umeuacha misimu miwili kwa kuogopa ngazi. Ngazi ingekwaruza kiraka kimoja. Woga wako umeuharibu ukuta mzima. Shemeji yako alikuambia ukweli ukamjibu kwa kiburi, na nakushauri umwombe radhi.

Mvua haijui msiba, Mama. Haimngoji mfiwa amalize kulia ndipo inyeshe. Nyumba huliwa kuanzia nje, polepole, na mtu wa ndani hupata habari mwisho, kitanda kikishaanza kunuka.

Unasema kukwangua ni kumzika mara ya pili. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba nafasi ilipoisha alipaka vipya juu ya vya zamani. Hakuomba ruhusa, wala hakuvililia. Kwake kiraka kilikuwa swali, akishapata jibu anasonga mbele. Kitu alichokitunza miaka yote hakikuwa rangi. Alitunza ukavu wa ukuta ule, kwa sababu nyuma yake kulilala mkewe na mwanawe. Hiyo ndiyo kazi aliyoiacha ikikungoja, na wewe umeshika isiyo yake.

Sasa sikiliza. Ng'oa nailoni leo. Shemeji afunge mfereji, azoe majani, achimbue kile kijifereji cha chini. Kisha fungua madirisha uache ukuta ukauke sawasawa, usiharakishe, maana ukipaka rangi juu ya unyevu utavimba tena na utakuwa umepoteza nguvu bure. Ukikauka, gonga lipu kwa kidole, inapolia kama debe tupu itolewe, pigeni mpya, nayo ikauke. Upande wa chumbani uoshwe ukungu wote uishe. Rangi ndiyo ya mwisho.

Vile viraka vitatu vya chini ya baraza, bakiza kimoja. Kimoja, nimesema. Usianze kubembelezana na vyote vitatu. Vile vipande vya kwenye beseni vifukie uani, kwa mkono wako, siku ukiwa peke yako.

Siku ya kukwangua utalia. Lia tu, hakuna atakayekukataza, na shemeji yako naye huenda akalia, maana yule alikuwa kaka yake. Ila usiondoke. Kaa hapo umshikie ngazi.

Na binti yako usimsome vibaya. Hakukasirika alipoamua kwenda kwa mama mkwe. Ameshafiwa na baba kwa kifua, sasa ana mtoto tumboni anayetakiwa kupumua. Upole wake kwenye simu ulikuwa wa mtu aliyechoka kukuomba. Angetaka kwenda kwa wakwe zake tangu mwanzo, asingekuja kukitazama chumba.

Kwa hiyo usingoje rangi ikauke ndipo umtafute. Mfereji ukishafungwa tu, mpigie. Usimweleze habari za lipu, wala usimpe hotuba juu ya marehemu. Mwambie, "Mwanangu, nimeanza kukikausha chumba chako. Nisubiri." Halafu nyamaza, umwache naye alie.