Milizamu Tisa ya Nyumba ya Babu

Babu, shikamoo.

Milizamu sikuisafisha.

Hili sijamwambia mtu, wala Mama, wala Bibi, wala Shamsa ninayekaa naye dawati moja skuli. Ulinituma baada ya alasiri. Ulikuwa umelala kwenye godoro lako chini ya dirisha la majlis, kile chumba cha wageni, mguu umevimba, ngazi huiwezi tena. Ukaniambia nipite yote tisa, vile vigogo vya mtende vilivyochongwa katikati vinavyotoka ukutani kutema maji ya mvua. Nitoe udongo mkavu na viota vya ndege, kisha nimimine maji katika kila mmoja nione yanatoka. "Maji yakikaa darini saa moja tu," ulisema, "wallahi mtalala mnatazama nyota."

Nikapanda na ufagio na ndoo ya maji. Na kitabu cha maktaba nilichokifunga kwenye kanga. Nilikuwa nimebakisha kurasa sitini na kilitakiwa kurudi Jumamosi. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta wa darini, nikasema nitasoma sura moja tu, nikasoma mpaka adhana ya magharibi. Halafu nikaibeba ile ndoo nikaimwaga juu ya ukuta, mbele ya dirisha lako, ili usikie maji yakianguka.

Ukaita, "Tayari, msomi?"

Nikajibu, "Tayari, Babu."

Ukasema, "Allah akuridhie." Niliposhuka ukatoa tende mbili chini ya mto wako, ukanipa. Nikazila, Babu. Hiyo ndoo ndiyo inayoniuma kuliko uvivu wenyewe. Kusahau ningeweza kusema nilisahau. Ile ndoo niliifikiria.

Siku ile Mama alikuwa Sur kwa dada yake aliyejifungua, Baba alikuwa kazini hospitali, na Bibi shambani akikata majani ya mbuzi. Kwamba ulinituma tulijua mimi na wewe tu. Siku kumi na moja baadaye nikabaki najua peke yangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiarabu ningekuwa kama ninafanya insha ya skuli. Nikikosea utanisamehe. Aliyekuwa akinisahihisha ni wewe, ukinigonga kichwani kwa gazeti lilelile nililokuwa nakusomea, ukisema Tabora ulikokulia hata punda wanasema vizuri zaidi.

Sasa nikupe habari za nyumba. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiikwepa.

Mvua ilikuja Bibi akiwa katika mwezi wa pili wa eda. Ilikuja mchana, tukiwa tumeandaa chakula, na mwanzo tulifurahi. Mama alitoka uani akainua uso kama mtoto. Bibi alikuwa akikaa majlis, pale ulipofia, kwa sababu alisema eda yake ataimaliza akiutazama ukuta uliokuwa ukiutazama wewe. Alhamdulillah, wakati ule alikuwa amekwenda chumba cha nyuma kusali adhuhuri. Tukasikia kishindo kama gunia la mchele limeangushwa kutoka kwenye lori. Halafu kimya kidogo. Halafu vigogo vya mtende vilivyobeba dari vikaanza kukatika kimoja kimoja, na nusu ya dari ya majlis ikashuka juu ya godoro lako. Vumbi lilitoka mlangoni wakati nje mvua inanyesha.

Bibi alitoka na msala begani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee angekasirika."

Mvua ilipokatika Baba alipanda juu upande wa nyuma. Aliposhuka mikono yake ilikuwa imejaa udongo mweusi na manyoya ya ndege, akaiosha kwenye falaji, ule mfereji wa shamba, muda mrefu. Jioni Ami Nasor alifika kutoka Maskati, na Baba akamwambia ukweli kama alivyoujua, "Milizamu ilikuwa imeziba, Kaka. Baada ya msiba sikupanda kuangalia."

Ami akamjibu, "Baba alikuwa anaiangalia akiwa na mguu mmoja. Wewe unayo miwili."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na sinia la vikombe. Ningeweza kuingia. Baba aliinama akawa anaokota mabua kwenye mkeka, moja moja, mkeka ambao haukuwa na mabua. Nikarudi jikoni.

Fundi aliyeletwa aligonga kuta kwa ngumi, akasema vyumba vya nyuma vingali imara lakini mbele pasilaliwe tena, na jiko na choo viko mbele. Baba aliwatafuta wale wazee waliokuwa wakikusaidia kukandika. Mmoja amekufa, mwingine macho hayaoni. Na hata tungeipandisha ile dari upya, mwaka ujao tungeanza tena, udongo kutoka wadini kwenye mto mkavu, mabua, kukanyaga, ndoo za kupandisha, na wewe ukipiga kelele chini, "Polepole, huo si uji!" Kisha mchwa. Kisha chokaa. Baba alisema nyumba ile inataka mtu asiye na kazi nyingine duniani. Mtu huyo ulikuwa wewe, na hatukujua mpaka ulipoondoka.

Ami alitaka Bibi ahamie kwake Maskati. Bibi akasema mwanamke wa eda hatoki nyumbani kwa mumewe akaenda kuishi mji mwingine. Kama nyumba imekataa, basi uani. Shekhe akasema kwa hofu ya kuangukiwa anaruhusiwa kuhama, na pakiwa karibu ni bora. Basi Baba akanunua karafani.

Hukuwahi kuingia kwenye karafani, Babu. Uliziona kando ya barabara ya Bidiya, zile nyumba za mabati meupe wanazolala wafanyakazi wa lami, ukauliza kama mle ndani wanafuga kuku. Yetu ni kama zile, ila mpya. Ililetwa juu ya lori, na mtaa mzima ukaifuata nyuma kama harusi. Lori lilikwama kwenye kona ya msikiti, watu wakatoa ushauri nusu saa, kila mmoja na wake. Mwisho winchi ikainyanyua juu ya mitende na kuiweka juu ya matofali, upande wa juu wa shamba. Bibi alisema mlango wake uelekee mlango wa nyumba kubwa. Mafundi walishaiweka upande mwingine, wakainyanyua tena kwa ajili yake.

Vyumba viwili na jiko dogo. Kuta ukizigonga zinalia. Mtu akipanda ngazi za chuma tunatikisika wote, na Bibi anasema, "Kila mgeni akija nafikiri Kiyama kimefika." Wanawake waliokuja kumpa pole walikaa magoti yakigusana, dele la kahawa likapita juu ya vichwa. Mmoja alipiga chafya na jirani akamwombea dua kutoka nyumbani kwake. Bibi alicheka, akafunika mdomo, akakumbuka yumo edani. Nikamwona akilia ndani ya kucheka.

Na mimi naona haya, Babu. Sijui nianzie wapi maana haya zangu zina tabaka.

Shamsa hasemi kitu, lakini wale wasichana wa viti vya nyuma basini walijua siku ileile. "Zuwena, baba yako amepata kazi ya barabara?" Mwingine akasema, "Mwacheni, wakichoka na Ibra wataifunga kwenye gari waende nayo Sur." Basi lote likacheka, na mimi nikacheka nao. Tangu siku hiyo nashuka kwenye mlango mkubwa wa zamani, ule wa mbao wenye misumari. Nasimama nikijifanya natafuta ufunguo mpaka basi lipinde kona. Kisha napita kwenye mitende kwenda karafani. Bibi, aliyekuwa akikaa mlangoni kwake akiutazama mlango ule, alikuwa akiniona kila siku. Hakuwahi kuniuliza ninatafuta nini pale.

Tabaka la pili ni kwamba karafani ni nzuri. Hakuna nge. Hakuna udongo unaoangukia wali. Kiyoyozi kinafanya kazi, na nina taa yangu ya kusomea. Mama alisema, bila kujua nasikia, "Alhamdulillah, mwaka huu sitakanda udongo." Mama ameichukua ndoo ile ya udongo miaka kumi na minane na mimi sikuwahi kumwona kama mtu anayechoka. Nakaa chini ya ile taa nasoma vizuri kuliko nilivyopata kusoma, na kila nikigeuza ukurasa nakumbuka ni kitabu kilichotufikisha hapa.

La tatu ni Baba. Ami hazungumzi naye ila kwa salamu. Akipiga simu anataka apewe Bibi. Sikukuu watu walijaa karafani na mtu mmoja, kwa utani, akamwambia Baba, "Mzee aliishika ile nyumba miaka yote, wewe hata mwaka!" Baba akacheka na kummiminia kahawa. Nilizihesabu mvi kwenye ndevu zake nikaacha.

Bibi amemaliza eda wiki mbili zilizopita. Ijumaa hii Ami anakuja kumchukua. Amesema kwenye simu, sauti ilitoka nje ikasikika, kwamba mama yake hatakaa ndani ya sanduku la bati mikononi mwa mtu aliyeshindwa kusafisha mlizamu. Bibi hataki kwenda. Ameanza kufunga nguo zake lakini anazifunga kanga moja, anazifungua, anazifunga tena. Anasema, "Wanangu wasigombane juu yangu, nitakwenda." Baba hatamzuia, kwa sababu anaamini Ami ana haki.

Leo ni Jumatano. Nimeandika mpaka hapa na mkono umechoka. Nilikusudia nikuombe radhi tu, nikunje karatasi, basi. Lakini nikiisoma naona nimekuomba radhi wewe usiyeweza kunigombeza, nikamwacha anayegombezwa kwa ajili yangu.

*

Ni Jumamosi, Babu. Namalizia.

Ami alikuja jana baada ya sala ya Ijumaa. Tulikaa wote chumba cha mbele, Ami, Baba, Bibi na Mama, na mzigo wa Bibi karibu na mlango. Kumimina kahawa ni kazi yangu, mdogo kuliko wote. Nilishika dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, kama ulivyonifundisha. Ami alikunywa mara mbili, akaitikisa finjani yake kwamba basi, akasema, "Yallah, Mama, twende."

Nikasema, "Ami, mimi ndiye."

Hawakuelewa. Sauti yangu unaijua, haifiki mbali. Ikabidi niseme tena, na nikaeleza yote: ulivyonituma, kitabu, kivuli cha ukuta, ile ndoo. Nilipofika kwenye ndoo nilishindwa, nikasema kwa kutazama dele. Nikasema wewe hukumwambia Baba apande kwa sababu uliamini iko tayari, na aliyekuambia hivyo ni mimi.

Mama aliweka mkono mdomoni.

Bibi ndiye aliyeanza. "Kitabu gani?"

Nikamtajia.

"Kilikuwa kizuri?"

Nikasema ndiyo, kilikuwa kizuri sana. Nikaanza kulia.

"Basi hujambo," akasema. "Ningekukasirikia zaidi kama kilikuwa kibaya." Kisha akageukia ukuta kwa muda mrefu, na nikajua kwamba amekasirika, na kwamba itachukua siku. Sikumwomba asikasirike.

Ami alisema mtoto ni mtoto, na nyumba ile ilikuwa imezeeka. Nikamwambia nina miaka kumi na sita. Alinitazama kama anaonana nami kwa mara ya kwanza. Halafu, Babu, finjani ambayo alikwishaitikisa aliinyoosha tena, lakini hakuinyoosha kwangu. Aliinyoosha kwa Baba. Baba alichukua dele mkononi mwangu akammiminia kaka yake. Ami akanywa, akala tende, akauliza habari za mitende. Alipoondoka jioni, mzigo wa Bibi ulikuwa bado mlangoni, na Bibi ameketi juu yake.

Baba hajanisemesha vizuri mpaka sasa. Leo asubuhi alinipa mkate bila kunitazama.

Babu, kwaheri ya siku ile sikukupa, nilijificha chumbani walipokutoa. Nakupa sasa. Mungu akupe kaburi pana, lenye baridi, lisilotaka kukandikwa. Na nakuahidi: kabla ya kila majira ya baridi, maadamu vyumba vile vya nyuma vimesimama na mimi nipo Ibra, nitapita kila mlizamu kwa maji, na sitasema tayari mpaka yametoka.

Barua hii nimeikunja saa nne asubuhi, nikaifungua tena kuongeza haya. Nilitoa ngazi chini ya karafani nikaiburuta mpaka nyumba kubwa, ukuta wa nyuma. Kitabu nimekiacha ndani. Nilikuwa nimepanda daraja tatu ngazi ikaanza kuyumba, kisha ikatulia. Nilitazama chini. Baba alikuwa ameishika kwa mikono miwili, uso ukutani. Nikapanda. Nilitoa viota vitano na udongo wa ndoo nne. Baba alinipandishia maji. Nimemimina katika kila mmoja, na kila mmoja umetoa. Ni minane, Babu. Wa tisa umo chini ya dari ya majlis iliyoanguka.

Mjukuu wako,
Zuwena