Mtogwa wa Jumapili ya Mitende

Shangazi Rahel,

Kamwene. Jiweke sawa huko uliko, maana hii si barua ya kulia. Mwaka juzi tulipokuzika nililia mpaka macho yakawa kama nyanya zilizoiva, inatosha. Leo nimekuja kujisifu. Nikijisifu kwa watu wa hapa Makambako wataniona nimerukwa na akili, kwa sababu hawajui tulikotoka mimi na wewe.

Wamekunywa, Shangazi! Watoto wa kanisa zima, Jumapili ya Mitende, uani pale pale walipokuaibisha. Vyungu vitatu vya mchaichai na mnanaa, vimekolezwa kwa mtogwa, ule utomvu mtamu wa mianzi usiochacha, kama ulivyonifundisha, bila sukari hata kijiko, bila rangi ya mtu yeyote. Vyote vimekauka. Kuna kitoto kimoja kiliingiza kichwa kizima ndani ya chungu cha mwisho kikawa kinaramba, mama yake akakivuta kwa miguu. Nilicheka hadi nikakaa chini na gauni langu la kanisani.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Unaikumbuka ile sharubati nyekundu waliyoileta baada ya kukukataza wewe. Unga wa duka, unakorogwa kwenye ndoo pamoja na sukari, na ndoo inakuwa nyekundu kama umechinjia kuku ndani. Watoto waliipenda, nisiseme uongo. Wewe ulikuwa unakaa benchi lako la nyuma karibu na mlango, unawatazama wakitoleana ndimi nyekundu, unaniuliza polepole, "Lea, hivi rangi hiyo inakwenda wapi ikishaingia tumboni?" Mimi nilidhani unaona wivu. Nisamehe kwa hilo pia, ingawa ni dogo kuliko lile jingine.

Basi sikia ilikokwenda. Mwaka jana mwenye duka alileta unga wa namna mpya, mwekundu kupita ule wa zamani. Watoto wakanywa Jumapili, na Jumatatu asubuhi mama Eva, yule jirani yako mwenye sauti, akamwona mwanawe anakojoa nyuma ya nyumba, mkojo mwekundu! Akambeba mgongoni mbio hadi hospitali ya misheni, njia nzima anapiga kelele, "Kichocho! Mwanangu anakojoa damu!" Alipofika akakuta wanawake wengine watano wamepanga mstari, kila mmoja na mtoto wake na kilio kile kile. Dresa akawatazama watoto, wazima, wanarushiana mawe. Akauliza, "Jana mlikunywa nini?" Akacheka kwanza, kisha akakasirika, akaenda mwenyewe kwa mchungaji kusema kwamba hiyo si damu wala si kichocho, ni rangi ya dukani imepita kama ilivyoingia. Swali lako likajibiwa, Shangazi, na kanisa zima likasikia jibu. Natamani ungekuwepo. Ungejishika mbavu.

Mchungaji akapiga marufuku maji mekundu. Ndiyo maana mwaka huu, kabla ya Kwaresima, wazee wakawa wanaulizana watoto watapewa nini siku ya Mitende. Habari ikanifikia huku nilikoolewa. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikapanda lori la viazi, nikashuka Njombe nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikaenda moja kwa moja kwa wazee, hata uso sijanawa.

Nikawaambia, nitatengeneza mimi. Kinywaji cha Shangazi.

Mzee Yeremia bado yupo. Bado ana ile sauti aliyosomea jina lako siku ulipotengwa na meza ya Bwana. Akasema, "Kinywaji cha Rahel? Kile kilichowalewesha watoto wa Mungu?"

Mchungaji wa sasa ni kijana, mpole, hapendi ugomvi. Akataka kunisaidia. Akasema, "Labda dada Lea ana njia iliyo safi kuliko ya marehemu." Akanitazama, anasubiri niseme ndiyo. Wazee wengine walikwisha kuanza kutikisa vichwa kukubali. Neno moja tu, Shangazi. Ningesema ndiyo, ningepewa vyungu, watoto wangekunywa, na mimi ningesifiwa hadi leo. Na wewe ungebaki huko chini na jina lako hilo hilo.

Najua ulijua. Lakini mimi mwenyewe sikuwahi kukutamkia kwa mdomo wangu, miaka saba niliyokaa nikikutazama benchi la nyuma. Sasa nitamke.

Ile Ijumaa kabla ya Mitende ulinipa mbeta nne mpya, vikombe vya mwanzi vya kukingia utomvu, umezichemsha mwenyewe, nikazitundike kwenye mianzi yako ili tuamke na mtogwa safi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzangu walikuwa wananiita kucheza. Nikazitundika hovyo. Alfajiri nikakuta mbili zimeanguka, utamu wote umenywewa na udongo. Nikaogopa. Nikaenda kwenye mianzi ya baba, nikamimina kutoka kwenye mbeta zake. Na mbeta za baba unazijua, hazijaoshwa tangu ziliposimikwa, kwa sababu wanywaji hawaoshi, yale masimbi, machicha ya chini, ndiyo yanauamsha ulanzi mpya uwe pombe. Nilionja. Ulikuwa mtamu bado. Nikajisemea, utamu ni utamu, shangazi atajuaje?

Ulikuwa umeniambia mara mia, kila tone lipite kwenye moto kwanza. Nikasubiri umeepua chungu, umekwenda mtoni kuchuma mnanaa, nikaumimina mbichi ndani, nikafunika na jani la mgomba kabla hujaiona ile mbeta chafu mkononi mwangu. Hapo ndipo nilipokuua, niseme hivyo hivyo. Ulanzi ule ukalala ndani ya chungu cha joto siku nzima na usiku kucha, unafanya kazi yake.

Na Jumapili sikukungoja uonje. Wewe uliyekuwa ukisema, "Onja kwanza mwenyewe, ndipo umpe mtoto wa mwenzio." Ulikuwa bado ndani na akina mama, mimi nikafungua chungu, nikaona povu limejaa, nikadhani ndio uzuri wenyewe. Nikagawa. Mungu wangu. Wakaanza Hosana vizuri, halafu kila mmoja akawa na Hosana yake. Wawili wakalala juu ya matawi yao. Mmoja akamkumbatia mbuzi wa mchungaji, hataki kumwachia. Na mjukuu wa Mzee Yeremia akatapikia viatu vya babu yake, viatu vipya vya ngozi, ambavyo nadhani ndivyo vilivyokuhukumu zaidi kuliko Maandiko.

Ukatoka. Ukachovya kidole, ukaonja, ukanitazama mara moja tu. Kisha ukawaambia, "Chungu ni changu."

Basi. Walikutaka utubu kwamba ulitia pombe makusudi, ukasema huwezi kutubu usilolifanya. Wakakutaka umtaje aliyetia, ukanyamaza. Ukanyamaza miaka saba. Kila Pasaka wenzako wanakwenda mezani, wewe unatazama migongo yao. Uliwakanda watoto wa kijiji kizima vifua kwa mafuta, ukawanywesha mchaichai wa moto kwenye baridi ya Julai, mama zao wakaja kwako kwa mlango wa nyuma na kukupita barabarani. Ulipokufa tukakuzika na majirani tu, bila mchungaji, bila kengele. Nilirusha udongo nikiwa na ulimi mzima kinywani, na sikusema neno.

Kwa hiyo mchungaji aliponitazama anasubiri ndiyo yangu, nikasema hapana. Nikasema, "Njia ya marehemu ndiyo safi. Mchafu ni mimi." Nikawapa yote, mbeta, masimbi, mnanaa, povu. Mwishoni nadhani nilipiga kelele kidogo, maana mke wa mchungaji alichungulia mlangoni na mwiko mkononi.

Mzee Yeremia akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza, "Na yeye alijua ni wewe?" Nikasema, alijua kabla hajakitoa kidole mdomoni. Akasema, "Miaka saba!" Halafu, Shangazi, yule mzee akalia. Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, nina maneno nimeyapanga tangu kwenye lori, yote yakanipotea.

Lakini usidhani kulia kulimlainisha sana. Siku ya Mitende nilipofungua vyungu akanizuia mbele ya watu wote. Akataka ninywe mimi kwanza, vibuyu viwili vilivyojaa, kisha nitembee kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni kwenye mstari mmoja wa matofali, naye anatazama miguu. Nikanywa. Nikatembea kama askari wa keya siku ya gwaride, nikageuka kwa kisigino, nikarudi. Akina mama wakapiga vigelegele. Yeye mwenyewe akachota, akaonja, akakaa nacho mdomoni muda mrefu kama anayetafuta kosa. Akasema, "Mtogwa." Akamwita kitukuu wake, akamshikia kibuyu kwa mikono yake.

Kitukuu akasema hataki, si chekundu, ni kama maji ya kuoshea vyombo! Nikataka kufa. Babu akamwambia, "Funga macho." Mtoto akafunga, akanywa, akafungua jicho moja, akamaliza kibuyu, akasema leteni kingine. Baada ya hapo sikuwa tena na mkono wa kupumzika. Nilikuwa nimekwenda mwenyewe kwenye mianzi alfajiri ya Jumamosi, mbeta kumi na mbili mpya, nimezichemsha hadi vidole vimeungua. Kila tone limepita kwenye moto. Hata mke wa mwenye duka wa Makambako ameniuliza tangu nirudi kama naweza kumfundisha, wanawe wana kikohozi. Nimemwambia aje.

Sasa habari yako. Mchungaji aliwauliza wazee, tumfanyeje Rahel? Mzee Yeremia akasema kwa huzuni kwamba kanuni ya kumrudisha marehemu mezani hawana. Mchungaji akamjibu, "Basi na ya kumzuia hatuna." Yule kijana nilimdharau kwa upole wake, nimekosea.

Baada ya vyungu kwisha, akatutoa wote, watoto mbele na matawi yao, tukapanda hadi kaburini kwako. Akasoma ibada yote ambayo hukusomewa, hakuruka hata mstari. Akasema mbele ya watu kwamba Rahel hakutenda kosa lile, na kwamba alimficha mtoto. Akasema jina la mtoto. Nikanyoosha mkono wanione vizuri. Na kule kanisani wakapiga kengele, Shangazi. Waliipiga muda mrefu, mpaka watu wa sokoni wakasimama kuuliza amefariki nani. Mama Eva akawajibu kwa sauti yake ile kwamba hajafariki mtu, anazikwa Rahel. Nikasikia hivyo nikapiga magoti, na hapo, sawa, nililia. Lakini kilio kile hakikuwa cha mwaka juzi.

Mimi wamenitenga. Kwa kunyamaza miaka yote huku mwingine anabeba, niko nje ya meza ya Bwana hadi Pentekoste. Mchungaji alilitamka kwa taabu, nikajibu "Ahsante" kwa nguvu mpaka Mzee Yeremia akashtuka. Mume wangu anasema hajawahi kuona mtu aliyetengwa akirudi nyumbani anaimba.

Nakuahidi hili: sitamwacha tena mtu yeyote akae mahali pangu. Nikikosea nitasema siku hiyo hiyo, hata kama mbele yangu kuna Yeremia kumi na viatu vyao.

Pumzika sasa, Shangazi. Pasaka hii mimi nitabaki benchi la nyuma karibu na mlango. Wewe ingia.

Mtoto wako,
Lea